Taa, Meli na Simu

Mtu husifiwa kwa kupenda mapya na hulaumiwa kwa kuyachelea, kana kwamba mapya yote ni ya namna moja. Mimi ni katika wayapendao. Simu yangu inaponiarifu kwamba sasisho liko tayari, huliruhusu usiku uleule, na asubuhi huifungua kwa shauku ya mtoto aliyeshonewa kanzu ya Idi. Rangi zimegeuka, herufi zimenenepa, saa imehamia upande wa pili. Nami huzuru vyumba vya nyumba ambayo jana niliijua yote. Furaha hii siionei haya. Walakini haikumfikia shangazi yangu wa Ujiji, na sababu yake yastahili kuelezwa.

Shangazi ni mfanya biashara ya dagaa. Alfajiri huwanunua Kibirizi au Katonga, mitumbwi inapofika ufukoni. Huwaanika, kisha huwapeleka kwa wateja wake wa Bujumbura na Uvira. Hakupata kwenda shule. Hesabu ya fedha aijua kunishinda, lakini herufi kwake ni mapambo tu. Na wateja huzungumza kwa ujumbe wa sauti, katika simu ya kugusa aliyoinunua kwa faida ya msimu mmoja. Nilistaajabia wepesi wa vidole vyake, nikamwuliza aliupataje. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sisomi, nakumbuka mahali. Kile cha kijani, chini kulia, ndicho cha wateja. Yule wa Uvira ana picha ya ua. Kinasa sauti kipo pembeni."

Kioo cha simu, basi, kwake si ukurasa; ni mwambao. Hukijua kama nahodha ajuavyo rasi na miamba bila ya ramani.

Sasisho lilikuja usiku, likajiweka lenyewe, na kulipokucha rasi zilikuwa zimehama. Kinasa sauti kilikwenda mahali pengine, na pale kilipokuwa pakawekwa kitu asichokihitaji. Mabadiliko kama hayo hunigharimu mimi dakika kumi, maana nasoma. Yeye yalimgharimu siku mbili za soko, na dagaa waliokwisha kukauka wakamngoja mnunuzi asiyejua kwamba angojwa. Alinipigia kwa simu ya jirani: "Wamenihamishia nyumba nimelala."

Yuko atakayesema kwamba dawa ni kuifundisha simu Kiswahili. Simu yake imekwisha fundishwa. Yamo ndani yake maneno "sasisha" na "ghairi", nami nilifurahi kuliona neno la heshima kama ghairi likipewa kazi mpya uzeeni. Bali Kiswahili kilichoandikwa hakimfai asiyesoma zaidi ya Kijapani kilichoandikwa.

Wala watu wa ziwa hili si wageni wa mapya. Wavuvi wa dagaa huvua katika usiku usio na mbalamwezi, wakiwavuta samaki kwa mwanga. Walitumia moto wa kuni, wakaja wakatumia karabai, na katika miaka hii taa za betri zenye kupata nguvu kwa jua zimeziondoa karabai nyingi, kwa kuwa hazidai mafuta ya taa kila usiku. Hakuna aliyeingia mtumbwini gizani akambadilishia mvuvi taa yake. Kila mmoja aliweza kuijaribu moja kando ya zile kuukuu, akatazama kama dagaa wanakuja, kisha akakata shauri mwenyewe.

Na meli ya Liemba je? Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 ilitolewa mitambo ya mvuke ikatiwa ya dizeli. Sidhani kama yuko abiria aliyelazimika kujifunza upya mlango uko wapi.

Shangazi hakatai mapya. Sasisho lilelile lilimletea uwezo wa kuharakisha ujumbe wa sauti, na sasa mteja mmoja msemaji sana humsikiliza mbio mbio, huku akicheka hadi machozi. Ataka kuulizwa tu, tena aulizwe kwa mdomo. Simu iwezayo kumwelekeza dereva njia kwa sauti, mbona haimwambii yeye, "Kesho nitakihamisha kinasa sauti, je, niruhusu?"

Nilikaa naye jioni mbili. Nikaifunga simu isijibadilishe bila ya idhini, nikavirudisha mahali pake vilivyokubali kurudi. Kinasa sauti hakikukubali. Shangazi akaenda ndani, akarudi na chupa ya rangi ya kucha ya binti yake, akatia nukta nyekundu ubavuni mwa simu, sawasawa na pale kilipohamia. Ameacha nafasi juu ya nukta ile na chini yake.