Sauti ya Mama Ndani ya Kanda

Huku Merigi, kwenye baridi na mashamba ya chai, tuna gari kuukuu aina ya Peugeot 504, na redio yake ya kanda ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Juma lililopita tuliazimia kuitengeneza. Sandukuni mlikuwa na kanda ya marehemu mama yetu, aliyoirekodi Mombasa mwaka 1994 akatutumia badala ya barua. Tuliahidi kuijibu, hatukuijibu. Mwaka uliofuata akafariki.

Tulichomoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha tukaifungua redio juu ya meza. Mpira mwembamba unaozungusha kanda ulikuwa umeyeyuka, ukinata kama lami. Tuliufuta kwa pamba na spiriti, tukakisafisha na kichwa cha kusomea sauti, tukavalisha mpira mwingine na kuirudisha redio garini.

Mama watoto akatuonya: “Sheikh, usianze na ya mama. Jaribu kwanza kanda nyingine.” Alisema kweli. Mpira ulikuwa umelegea, na kanda ile ya majaribio ikaliwa. Tukatafuta mpira wa kipimo chake.

Baada ya isha tukaiweka ya mama. Alisalimu, akawataja wajukuu mmoja mmoja, akamalizia: “Mwanangu, ukipata nafasi, nijibu.”

Redio imetengenezeka. Jibu limechelewa, tumebakiwa na dua tu. Msomaji mpenzi, ukiwa na mzazi aliye hai, mpigie leo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu. Amin.