Siku Nne za Mombasa

Mume wangu ameitazama bahari kwa mwaka mzima, wala hajapata kuikanyaga kwa mguu mtupu. Alikuwa Mogadishu, katika majeshi ya kulinda amani ambayo nchi yetu ya Uganda ilianza kuyapeleka huko mwaka 2007. Bahari aijuayo yeye ni upande mmojawapo wa kulindwa. Watoto wetu watatu, waliokulia kambini, hawajaiona kabisa. Kwao Ziwa Victoria ndilo mwisho wa maji yote. Basi likizo yake ilipopitishwa, siku kumi, shule zikiwa zimefungwa mwishoni mwa Agosti, nilisema twende Mombasa. Yeye alisema twende kijijini tukaezeke nyumba.

Hoja yake ni nzito, na kila mke wa askari anaijua. Bati likinunuliwa linabaki; nauli ikilipwa imekwenda. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama bahari inaliwa. Lakini nami nilikuwa na hoja ambayo haihesabiki kwa shilingi, nayo ni lugha.

Wasomaji wanafahamu jinsi Kiswahili kilivyoenea kwetu. Tangu enzi za King's African Rifles kilikuwa lugha ya gwaride. Mwaka 1973 kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa, katika miaka ambayo raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, masikio ya watu hayabadiliki kwa sheria. Watoto wangu wanakisema kwa wepesi, ila wanakisema kwa namna ya kambini: leta, toka, simama, haraka. Mdogo wao, wa miaka sita, humwambia bibi yake "leta maji" kama koplo anayemwita kuruta, wala hana ubaya wowote moyoni. Hajasikia namna nyingine. Nataka akisikie kwa mama auzaye mahamri na mbaazi asubuhi, na kwa mzee anayeitikia marahaba bila haraka. Nataka ajue kwamba mtu huweza kusema "naomba maji", na kwamba mji huo ndio wa Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi ya vita na ya mapenzi kwa lugha hii hii tunayoitumia kuhesabia hatua.

Mume wangu alinyamaza siku mbili, kisha tukapatana. Siku mbili za kwenda, nne za kukaa, mbili za kurudi, na mbili za mwisho kijijini. Mabati yatanunuliwa nusu.

Njia yenyewe ni ndefu, kama kilomita 1,100. Tutapanda basi la usiku kutoka Kampala, kupitia mpaka wa Busia, hadi Nairobi. Kutoka hapo tutapanda treni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, na nimesisitiza iwe ya mchana, maana hupita Tsavo, na tembo haonekani gizani. (Reli ya zamani iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kampala mwaka 1931.) Tiketi hukatwa mapema, na kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa, hivyo lazima ibaki nauli ya matatu ya kuingia mjini.

Stakabadhi nimeziweka katika bahasha moja. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda huweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini watoto hawana kitambulisho, kwa hiyo karatasi zao zimeshughulikiwa kabla ya nauli. Mume wangu ana ruhusa ya maandishi ya wakuu wake. Aidha, nimetoa sandukuni kila fulana ya mabaka, hata ile ndogo ya mtoto. Huko kama hapa, raia hapaswi kuvaa nguo inayofanana na ya jeshi, na sipendi likizo ianzie kwenye maelezo ya polisi.

Jambo lililonichukua muda mwingi ni mwezi. Ziwa letu halihami, bahari huhama. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu ndipo penye bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtoto wa kambini atatembea juu ya mwamba uliokauka akiokota kome, asijue kwamba njia ya kurudia inafunikwa nyuma yake. Watoto wangu hawajui kuogelea. Kwa hiyo nimechagua siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, na kila mmoja atavaa raba kwa ajili ya wale wanyama wenye miiba mirefu. Tutakwenda pwani ya umma ya Bamburi, ambako hakuna kiingilio. Pepo za kusi zitakuwa bado zinavuma na kuleta mwani, lakini joto halitatuchosha.

Siku moja ni ya Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Mume wangu tayari anauliza walipata wapi maji.

Kilichobaki ni chumba. Mimi nataka nyumba ya wageni ndani ya kisiwa, yenye vyandarua na mahali pa kupikia. Yeye anataka iliyo na lango moja, na mlango unaoonekana kutoka kitandani. Bado tunazungumza.