Neno 'fine' lilivyomtoa mama nyumbani alfajiri

Mpenzi msomaji, je, wiki hii umeulizwa hali mara ngapi ukajibu kwamba uko 'fine'? Mimi nami nilikuwa mwepesi wa jibu hilo, hadi siku lilipomtoa mama yangu nyumbani kabla ya jogoo kuwika.

Ulikuwa mwaka wa 1987, nikiwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametuagiza tuandike barua za nyumbani kwa lugha hiyo ili tujizoeze. Nikaandika kama tulivyofunzwa: kwamba mimi ni 'fine' na kwamba ninatumaini kuwa ninyi huko nyumbani pia ni 'fine'. Ukweli ni kwamba nilikuwa na homa iliyokuwa ikija na kuondoka. Lakini nilijua mama hana pesa, nikaona heri ninyamaze.

Mama hakujua Kiingereza. Alisomewa barua na mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu aliyeweza kuyatamka maneno bila kujua maana yake. Katika barua nzima, mama alitambua neno moja tu: faini. Na faini aliijua vyema! Mwaka uliotangulia alikamatwa akichuuza mboga kando ya barabara, akatozwa faini iliyomeza mtaji wake wote. Sasa anasikia kwamba mwanawe ametozwa faini huko shuleni, na isitoshe, anawatakia walio nyumbani nao watozwe!

Alikopa pesa kwa akina mama wenzake wa chama, akazifunga katika pindo la leso, akapanda basi la alfajiri. Nilipoitwa langoni nilimkuta amesimama, jasho likimtiririka. Hakungoja hata salamu.

"Baba, umefanya kosa gani? Na hiyo faini ni shilingi ngapi?"

Nilipong'amua kilichotokea, niliangua kicheko. Mama hakucheka. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona unawaka moto?" Siku hiyo pesa za faini ndizo zilizonipeleka hospitalini, nikalazwa kwa malaria.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki ili watu wacheke. Baadaye nilipoanza kupekuapekua kamusi, niligundua kwamba mama hakuwa amepotea mbali.

Neno 'fine' la mtu aliye salama na 'fine' ya mahakamani ni ndugu wa damu. Yote mawili yalitoka katika neno la Kilatini 'finis', yaani mwisho au mpaka, yakapitia Kifaransa, lugha ambayo ilizagaa Uingereza baada ya watu wa Normandy kuiteka nchi hiyo mwaka wa 1066. Kitu kilichofanyiwa kazi hadi mwisho, kisibakize dosari, kikaitwa 'fine'. Ndiyo maana dhahabu iliyosafishwa huitwa hivyo, na pia uzi mwembamba, mchanga laini na hali nzuri ya hewa.

Upande wa sheria nao ulishika maana ile ile ya mwisho. Zamani huko Uingereza, 'fine' ilikuwa mapatano ya kumaliza kesi ya shamba. Kuanzia mwaka wa 1195, nakala ya mapatano hayo iliwekwa na mahakama ili asitokee wa kuyakana, na utaratibu huo ulidumu hadi ulipofutwa mwaka wa 1833. Pesa zilizolipwa ili mambo yaishe zikaitwa jina hilo hilo, nasi tukalichukua, tukasema faini. Hata fainali ya kandanda ni ya ukoo huu, kwa kuwa baada yake hakuna mechi nyingine. Nawe mwanafunzi unayeimba kwaya, ukiona 'fine' kwenye karatasi ya muziki, ni Kiitaliano hicho: wimbo umekoma.

Shakespeare aliufahamu vyema utajiri wa neno hili. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, mwana wa mfalme anatazama fuvu makaburini, akiwaza kwamba huenda lilikuwa la mwanasheria. Katika sentensi moja analitumia neno hilo kwa maana ya mwisho, ya mapatano ya shamba, ya kichwa cha mtu mwerevu na ya udongo laini uliokijaza.

Basi mimi nilipoandika kwamba niko 'fine', nilikuwa nimetumia maana gani? Afya sikuwa nayo. Nilikuwa nikimaliza mazungumzo, nikifunga mlango ili nisiulizwe zaidi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Binti yangu sasa yuko chuo kikuu. Majuzi nilimpigia simu, nikamwuliza hali. "Niko fine, Baba," akajibu upesi, sauti ikiwa chini. Kisa cha nyanya yake anakijua tangu utotoni. Nikamwuliza, "Na hiyo faini ni shilingi ngapi?"

Alicheka. Kisha akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba pesa zilikuwa zimemwishia, na kwa wiki mbili alikuwa akila mlo mmoja kwa siku, kwa kuwa alijua mambo yangu pia si mazuri.

Huenda yuko mtu wako wa karibu, awe bwenini, kazini au hata katika chumba cha pili hapo nyumbani, ambaye atakujibu kwamba yuko 'fine'. Huenda ni kweli. Lakini usiondoke bado. Mwulize mara ya pili.