Ukifika Bujumbura, Usiishie Ufukweni

Bujumbura ni mji unaojua kupokea mgeni. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ufukwe wa Tanganyika hufurika watu, samaki aitwaye mukeke akichomwa juu ya makaa. Ukiingia mtaa wa Buyenzi utakaribishwa kwa Kiswahili, utadhani uko Ujiji. Lakini uhondo wa safari haujatimia mpaka ulipe ziwa mgongo na kushika barabara ya Bugarama.

Mji uko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari. Bugarama imepita 2,000. Barabara ni kona juu ya kona, vijana wa baiskeli wakiteremka kwa kasi na mikungu ya ndizi, na joto linabaki bondeni. Ukiendelea hadi Kayanza, vilima vyote ni mibuni.

Huko mama mmoja mkulima alitugeuzia jani la mbuni. Chini yake palikuwa na mabaka ya unga wa rangi ya chungwa, na alipoyagusa, kidole chake kikapakaa. Hiyo ndiyo kutu ya majani, kuvu iitwayo kitaalamu Hemileia vastatrix. Haiwezi kuishi ila ndani ya jani lililo hai. Chembe zake huletwa na upepo na mvua. Zikikuta jani limelowa huota, kisha hupenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia. Majani hupukutika, na mbuni uliobaki uchi hauzai vizuri msimu unaofuata.

Mwaka 1869 kuvu hii iligunduliwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Haikuchukua miaka mingi kahawa ya kisiwa kile ikaangamia, na wenye mashamba wakahamia kwenye chai.

Kayanza ina kinga mbili. Ya kwanza ni baridi ya mwinuko, inayoipunguzia kutu kasi. Ya pili ni mikono ya wakulima: mama yule alikuwa amepogoa matawi ili upepo ukaushe majani, na ametandaza nyasi shinani ili udongo ushike unyevu na rutuba. Uzuri wa vilima hivi ni jasho lao.

Basi nenda ukawaone. Ukitoka shamba moja, kung'uta nguo na viatu kabla ya kuingia jingine, maana chembe za kutu hupanda hata kwenye nguo za mgeni. Na ukirudi mjini, nunua kahawa ya Kayanza bila kulalamikia bei: kuna mtu aliyeipigania jani kwa jani.