Mvua ya Aprili si Janga

Katika mwambao wetu masika huanza Machi na kuisha Mei. Vuli huja Oktoba na kuondoka Desemba. Hayo tulifundishwa shule ya msingi, na babu zetu waliyajua bila darasa. Hata hivyo, kila mvua ya Aprili inapopenya dari ya duka, ofisi au zahanati, barua rasmi zinazofuata humtaja mtuhumiwa mmoja tu: janga la asili. Nataka tulijadili neno hilo. Nimeliona likimnyima mtu haki yake, na ushahidi wa kulikanusha uko mahali ambapo waandishi wa barua hizo hawafiki, yaani juu ya paa.

Miaka michache iliyopita niliteuliwa kuwa mjumbe wa nje katika kamati ya watu watano iliyoundwa na taasisi moja ya umma jijini Dar es Salaam. Taasisi hiyo ilikuwa na jengo la biashara: chini maduka, juu ofisi za kupangisha na stoo za wenye maduka. Paa lake lilikuwa bapa, la zege, limezungushiwa ukuta mdogo unaofika kiunoni. Usiku mmoja wa masika maji yalishuka katika stoo ya mama mmoja muuza vifaa vya shule. Daftari na rimu za karatasi alizozinunua kwa mkopo wa kikundi zikageuka uji. Alipoomba fidia alijibiwa kwa kifungu cha mkataba wa pango: mwenye jengo hawajibiki kwa hasara itokanayo na majanga ya asili. Akakata rufaa, na kamati yetu ikapewa kazi ya kumjibu.

Shahada yangu ya uzamivu ni ya mambo ya siasa na utawala, si ya uhandisi. Nilichojua kuhusu mapaa ni kile anachokijua kila mtu anayelala chini yake. Kwa bahati njema tulipewa fundi wa kutuongoza, mzee mmoja mwenyeji wa Tanga aliyekuwa amefanya kazi ya zege tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akauliza swali ambalo lingeweza kumaliza kazi ya kamati papo hapo: "Ufunguo wa ngazi ya paa anao nani?"

Hakuna aliyejua. Idara ya miliki ilituelekeza kwa mlinzi, mlinzi akatuelekeza kwa mhasibu, na mhasibu akasema ufunguo ulichukuliwa na kampuni iliyofunga viyoyozi. Siku ya pili kufuli likavunjwa, tukapanda.

Jambo la kwanza alilotufundisha mzee ni kwamba paa bapa halipaswi kuwa bapa kweli. Linaitwa bapa kwa sababu jicho la aliye chini halioni mteremko wake, lakini maji lazima yauone. Kanuni ya ujenzi ni kwamba katika kila mita moja uso wa paa ushuke kwa angalau sentimita 1.25 kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Mbunifu makini huchora mara mbili ya hapo, kwa kuwa zege hupinda kidogo kwa uzito wake, na mkono wa fundi si mizani. Juu ya mteremko huo hutandazwa utando wa lami unaokuja umeviringishwa kama mkeka, ukabandikwa kwa moto wa gesi. Kazi huanzia sehemu ya chini kabisa ya paa na kupanda, ili kila kipande cha juu kilalie cha chini na maji yasikute mlango. Utando unapofika ukutani haukatwi hapo hapo. Hupandishwa juu ya ukuta kiasi cha sentimita 15, na pembe hulainishwa kwanza kwa chokaa ya saruji ili usivunjike kwenye kona. Kazi ikikamilika matundu huzibwa, paa hujazwa maji ya sentimita chache, nayo huachwa kwa saa 24 au zaidi. Dari ikikaa kavu, fundi anastahili malipo yake.

Kwenye paa letu utando ulipanda ukutani kwa upana wa vidole vitatu tu. Matundu yalikuwa mawili kwa paa zima: moja limezibwa na majani, chupa za plastiki na mifupa iliyoletwa na kunguru, na la pili limezibwa kwa saruji na waliopiga ukuta rangi. Katika kiungo cha ukuta ulikuwa umeota mwarobaini unaonifika gotini, mizizi yake ikiwa imezama ndani ya ufa. Vyuma vya kushikilia viyoyozi vilikuwa vimepigiliwa moja kwa moja kupitia utando, na skrubu zake zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikabaki kama misumari ya jeneza la kale.

Lakini kilichonikaa zaidi ni duara za matope. Katikati ya paa palikuwa na bonde, na kulizunguka kulikuwa na mistari ya vumbi na ukungu, mmoja ndani ya mwingine, kama pete za ndani ya gogo lililokatwa. Kila mstari ulikuwa alama ya dimbwi lililosimama na kukauka. Mzee alichuchumaa, akaifuata kwa kidole. "Daktari," akaniambia, "paa hili halikuugua usiku mmoja. Limelia misimu mingi. Ila hakupanda mtu wa kulisikiliza."

Tulipiga hesabu pale pale. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, nayo ina uzito wa kilo moja. Paa la mita za mraba 400, matundu yakiziba na maji yakasimama kwa kina cha sentimita 5, limebeba tani 20. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Maana yake ni kwamba paa hilo moja hupokea lita 400,000 kila mwaka, na zote zinatafuta njia. Usipozipa njia, zitajitafutia.

Pwani, maji ya mvua si adui wa pekee. Nondo ndani ya zege hulindwa na ukali wa saruji yenyewe, unaoufanya uso wa chuma uvae ngozi nyembamba isiyoshika kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi hukaa juu ya paa, huyeyuka katika dimbwi, nayo hupenya polepole hadi kuifikia ile ngozi na kuitoboa. Mkandarasi akitumia mchanga wa ufukweni usiooshwa, basi chumvi imeingizwa ndani tangu siku ya kwanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokizaliwa, hivyo husukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka na kudondoka vipande. Ndiyo maana katika majengo mengi ya mwambao utaona nondo zikichungulia darini kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Juu ya hayo yote jua la saa saba mchana huukausha utando wa lami na kuupasua, isipokuwa umefunikwa au umepakwa rangi nyeupe ya kurudisha miale. Hapana lolote kati ya haya lililo siri. Chumvi, jua na masika vilikuwepo kabla ya mkataba wa pango kuandikwa.

Wala hatuwezi kusema kwamba historia haikutuonya. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, juu yake pakawekwa paa bapa la chokaa lililotwangwa kwa vijiti, siku baada ya siku, kwa mpigo wa nyimbo, mpaka likashikana. Mtindo huo una undugu na Uarabuni. Lakini Muscat hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, na Unguja hupata mara nyingi zaidi ya hapo. Wenyeji waliuona upungufu huo mapema, na paa baada ya paa likafunikwa kwa mabati yenye mteremko. Wale walioyaacha mapaa yao wazi walilazimika kuyapaka chokaa na kuyakagua kila mara. Wazee hao walielewa kwamba ukichagua paa bapa katika nchi ya mvua, umechagua pia kazi isiyokwisha. Sisi tumeuchukua mchoro na kuiacha kazi.

Kwa nini tumeiacha? Hapa ndipo naomba wanafunzi wangu na watumishi wa umma wanisikilize, maana hapa tunatoka katika zege na kuingia katika siasa. Bajeti zetu hutenganisha matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga ni maendeleo: kuna jiwe la msingi, kuna utepe, kuna picha ya mgeni rasmi. Kuzibua tundu la maji ni matumizi ya kawaida, na fedha zinapopungua hilo ndilo fungu linalokatwa kwanza, kwa kuwa hakuna atakayelalamika siku hiyo. Kipindi cha matazamio cha mkandarasi mara nyingi ni mwaka mmoja; utando mbovu aghalabu huvumilia mwaka mmoja, ukaja kufa masika ya tatu au ya nne, mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa zuio lake na kiongozi aliyekata utepe akiwa amehamishwa. Mkataba umeisha, madaraka yamepokezana, na aliyebaki ni mpangaji na mfanya usafi mwenye ndoo.

Tuna methali inayosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaipenda mno katika hotuba. Lakini sijapata kusikia kikao kikiulizana mwenye wajibu wa kuziba ni nani, kwa fedha ya fungu gani, na kabla ya tarehe ipi. Bila majibu hayo matatu methali inabaki pambo la ulimi, na anayejenga ukuta huwa si yule aliyeuacha ufa.

Katika barabara tulijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya miaka mingi ya kujenga na kuacha mashimo yashinde, mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania iliunda Mfuko wa Barabara, ambao tozo ya mafuta inaingia humo kwa ajili ya matengenezo kwanza. Hoja ilikuwa nyepesi: anayetumia barabara huichakaza, basi sehemu ya anacholipa iirudie barabara. Jengo la biashara lina urahisi zaidi ya barabara, kwa kuwa kodi ya pango hukusanywa kila mwezi na hesabu zake zipo. Sioni sababu ya kisheria wala ya kiuchumi ya kutotenga sehemu maalumu ya kodi hiyo kwa ajili ya paa, isiyoguswa kwa posho wala kwa safari.

Kamati yetu iliandika hivyo. Tulipendekeza mpangaji alipwe fidia yake yote. Paa likaguliwe mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya kila msimu. Matundu yaongezwe, na ukutani pawekwe tundu la dharura la kumwaga maji iwapo ya chini yameziba. Kila anayetaka kufunga kiyoyozi au antena apate kibali cha maandishi na atumie skrubu za chuma kisichoshika kutu. Na daftari la ukaguzi liwekwe likiwa na jina la mtumishi mmoja, si la idara. Paa lilizibwa. Tundu la dharura liliwekwa. Mama yule alilipwa nusu ya alichodai, baada ya miezi minane, na muhula wa Julai ulikuwa umempita akiwa na rafu tupu na marejesho ya mkopo yakimgongea mlango. Kifungu cha majanga ya asili kimebaki katika mikataba kama kilivyokuwa.

Kifungu hicho ndicho kinachonifanya niandike. Hakuna ubaya kisheria kumkinga mwenye jengo dhidi ya tetemeko la ardhi. Ubaya ni kuiita mvua ya Aprili kwa jina hilo. Janga ni lile ambalo mtu mwenye busara hakuweza kulitarajia wala kulikinga. Maji yaliyosimama mwaka baada ya mwaka hadi yakachora pete zake juu ya zege yalitarajiwa, na yangekingwa kwa reki, ndoo ya kuzolea taka na mtu mmoja mwenye ufunguo. Tukiruhusu uzembe ujiite janga, tumekubali kwamba kila asiye na sauti alipe gharama ya kila aliyesahau.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma ninalo ombi dogo. Kabla ya Machi, ulizeni ofisini kwenu ufunguo wa paa uko kwa nani. Likipatikana jina, mwombeni mwenye jina hilo apande, azibue matundu, kisha aandike alichokiona na atie saini. Lisipopatikana, pelekeni swali hilo kikaoni, liingizwe katika kumbukumbu, na mlirudie kila kikao mpaka lipate mtu.