Geti la reli linaloanguka lenyewe

Leo naomba tuweke kando PHP, hifadhidata na matatizo ya seva, tuongee reli. Namaanisha reli ndogo, ya mezani, ile ya treni unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Nimekuwa nikiijenga hapa nyumbani Ruiru tangu Krismasi, nikisaidiwa na mpwa wangu wa miaka 11 ambaye hutoka Thika kila wikendi, na imenifundisha jambo moja kuhusu programu ambalo miaka yote ya kukaa mbele ya tarakilishi haikunifundisha. Nitalifikia. Kwanza vipimo, maana bila vipimo hakuna reli.

Seti yenyewe ni ya Hornby, imetumika, ililetwa na binamu yangu kutoka Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 16.5. Wazungu walioibuni walikuwa wakifikiria reli zao za milimita 1,435, upana uleule wa SGR yetu ya tangu 2017. Lakini reli inayopita Ruiru na Thika ni ya mita moja kamili, ya ukoo wa ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Ukigawanya 1,000 kwa 16.5 unapata 60.6. Kwa hiyo meza yangu nzima inafuata kipimo cha moja kwa 60 hivi, sio cha Hornby ambacho ni moja kwa 76. Mlango wa mita mbili unakuwa milimita 33. Mabehewa ya Uingereza nikayavua miili yao ya plastiki, nikabaki na magurudumu na mota, nikajenga mengine kwa kadibodi ya katoni za maziwa. Ni kazi ya kuchosha lakini sasa yanafanana na yale ninayoyaona asubuhi yakielekea Nairobi.

Nilitamani pia kutengeneza Mount Gelai, ile injini kubwa ya mvuke namba 5918 iliyopumzishwa kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Nikapiga hesabu. Ina urefu wa zaidi ya mita 30, kwa hiyo hata ikipunguzwa hivyo ni nusu mita ya injini peke yake. Kona zangu zingeikataa. Nimeiacha, kwa shingo upande.

Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Kwa kipimo changu hizo ni mita 330, yaani ningelazimika kuomba ruhusa kwa majirani wa nyumba kadhaa. Nilichofanya ni kununua shiti moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, fundi mmoja wa jua kali Thika akaipasua katikati kwa urefu, nikaunganisha vipande viwili ukutani. Nikapata rafu ya mita 4.88. Mwisho mmoja ni stesheni ya Ruiru, mwisho mwingine ni Thika, na katikati ni kahawa ya sifongo iliyokatwakatwa, kisha mananasi, ambayo ni vumbi la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Kokoto nilichekecha kutoka kwenye mchanga wa jirani anayejenga. Reli halisi ilifika Thika mwaka 1913, na kwenye makaratasi ya wakati ule iliitwa tramu, sio reli. Baadaye ikasukumwa mpaka Nanyuki, ikalala miaka mingi, na treni za Nanyuki zikarudi mwaka 2020. Kwa hiyo msinicheke kwa kuwa na njia moja tu. Njia moja ndiyo hali halisi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nilipokuwa napanga barabara na nyumba, mpwa wangu alichora mstari unaokatiza reli karibu na upande wa Thika. Nikamuuliza ni barabara gani. Akaniambia, "Mjomba, hapa ndipo napita nikienda shule." Nikamuuliza kama kuna geti. Akasema hakuna, wanasikiliza honi.

Vivuko vingi vya reli kwetu ni hivyo. Kuna kibao, pengine mtu mwenye bendera, pengine hakuna mtu. Mwezi Oktoba 2013 treni iligonga basi kwenye kivuko cha Mutindwa, mtaa wa Umoja, Nairobi, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Treni haina usukani, na breki zake zinahitaji mamia ya mita. Basi nikamwambia kijana kwamba kivuko chake kitakuwa na geti, na mimi na yeye tutaliwekea waya.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja: kihisi kinaona treni, Arduino inashusha geti, tumemaliza. Kwa kawaida wajenzi wa reli ndogo hugundua treni kwa kupitisha mkondo wa mota kwenye dayodi mbili. Treni ikiwa pale, mkondo unapita, kwenye dayodi hizo panatokea kama volti 1.4, transista inawaka, na programu inajua kuna treni. Ni saketi nzuri na ya bei rahisi. Vifaa vyote nilivipata Luthuli Avenue. Kabla sijalehemu chochote, mpwa wangu akauliza, "Na waya ikikatika je?"

Fikiria jibu lake. Waya ikikatika, mkondo haupiti. Mkondo usipopita, programu inasoma kwamba hakuna treni. Geti linabaki juu. Yaani ukimya unatafsiriwa kuwa usalama! Na ndivyo sisi waandishi wa programu tunavyoishi kila siku. Hakuna ujumbe wa kosa, basi mambo ni shwari. Seva haijalalamika, twende tukalale.

Watu wa reli walikataa mantiki hiyo zamani sana. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ya reli, na wazo lake ni kinyume kabisa. Betri inatuma mkondo kwenye reli moja, unapita kwenye rilei upande wa pili wa kipande hicho cha njia, unarudi kwa reli nyingine. Mkondo ukifika, rilei inashikilia ishara ya "njia ni nyeupe". Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma yanaunganisha reli mbili, mkondo unapita njia ya mkato, rilei inakosa nguvu na kuachia, ishara inageuka kuwa ya hatari. Na uzuri wake ni huu: betri ikifa, rilei inaachia. Waya ikiibwa ikauzwe shaba, rilei inaachia. Reli ikivunjika, mara nyingi rilei inaachia. Usalama ni kitu kinachopaswa kuthibitishwa kila sekunde. Kikinyamaza, ni hatari.

Kwenye meza yangu reli zilezile zinalisha mota, kwa hiyo sikutaka kuchanganya mikondo miwili. Nikaamua kutumia mwanga wa infraredi unaokatiza njia. Upande mmoja taa ndogo ya LED, upande wa pili kipokezi. Mwanga ukifika, njia ni nyeupe. Behewa likipita, giza. LED ikiungua au waya ikikatika, pia giza, na giza maana yake ni shusha geti. Vihisi vinne: viwili mbali, kimoja kila upande, na viwili karibu na barabara ili kujua treni imeshavuka.

Ila dirisha langu linatazama magharibi. Jua la saa kumi lina infraredi tele, na likipiga kwenye kipokezi linaweza kusema "nyeupe" huku treni imesimama palepale. Dawa ni kuifanya LED ipepese kwa mpangilio ambao programu inaujua. Programu inawasha LED, inataka kuona mwanga. Inazima, inataka kuona giza. Majibu hayo mawili yakipatikana kwa zamu, mara kadhaa kwa sekunde, ndipo njia ni nyeupe. Mwanga usiozimika ni hatari sawasawa na giza lisiloisha.

Halafu geti lenyewe. Mota ndogo ya servo ingelisukuma juu na chini vizuri tu, lakini servo isiyo na umeme inabaki ilipo. Kwa hiyo geti langu linashikiliwa juu na sumaku-umeme, koili niliyoisokota kwenye msumari, na mwisho wake mrefu una nati nzito. Ukikata umeme, nati inavuta, geti linaanguka. Kulifunga hakuhitaji umeme hata kidogo. Kulifungua ndiko kunakohitaji. Mtaa wetu ukipoteza stima, na hupoteza, treni inasimama na geti linashuka kwa pamoja, gizani, bila programu kuhusika.

Imebaki programu. Je, ikikwama? Mguu wa Arduino uliokuwa umewashwa unaweza kubaki umewashwa milele, na koili ikaendelea kushikilia. Hapa ndipo nilipofurahia zaidi. Koili haishikiliwi na mguu uliowashwa, inashikiliwa na mguu unaopiga kama moyo, ukiwaka na kuzima mamia ya mara kwa sekunde. Mapigo yanapita kwenye kapasita, dayodi mbili zinayakusanya kwenye kapasita ya pili, na chaji hiyo ndiyo inayofungua transista ya koili. Mguu ukikwama juu au chini, kapasita ya kwanza haipitishi kitu, chaji inavuja, na ndani ya nusu sekunde geti liko chini. Muhimu: mapigo hayo nayapiga ndani ya mzunguko mkuu wa programu. Chipu ina saa ya ndani inayoweza kuyapiga kwa urahisi zaidi, lakini saa hiyo huendelea kupiga hata programu ikiwa maiti.

Stima ikirudi, programu huanza ikiamini kuna treni, na geti halipandi mpaka mtu aangalie njia kwa macho yake na kubonyeza kitufe. Rafiki yangu wa kazini alinishauri nihifadhi hali ya mwisho kwenye kumbukumbu ya chipu. Nimekataa. Kumbukumbu inajua treni ilikuwa wapi kabla ya giza, haijui ni nani ameisogeza wakati wa giza.

Geti pia ndilo lililoamua mwendo wa treni, jambo ambalo sikulitarajia. Nilitaka liwe limefungwa sekunde 20 kabla treni haijafika. Kwa kilomita 40 kwa saa, treni halisi inakwenda mita 222 katika sekunde hizo, ambazo mezani ni mita 3.67. Na treni huja kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mara mbili: mita 7.3. Rafu yangu ni 4.88. Kwa kilomita 20 kwa saa inakuwa mita 1.83 kila upande, inatosha. Hiyo ni sentimita 9 kwa sekunde, mwendo wa kinyonga, na mota hizi za zamani zikipewa volti chache hukwama. Ukizipa volti 12 kamili lakini kwa vipande vifupi vifupi, zinatambaa vizuri. Na safi reli zako kila siku, vumbi jekundu la huku halina adabu.

Kisha nikampa kijana mkasi. Nilimwambia akate waya yoyote anayotaka, wakati wowote, mradi asiguse ile ya ukutani. Alikata kumi na nne kwa Jumamosi mbili, moja baada ya nyingine, nami nikiunganisha tena. Mara zote kumi na nne geti lilianguka. Jumamosi ya tatu akaacha mkasi akachukua pini. Akaichoma katikati ya waya mbili zilizolala pamoja, ile ya volti 12 na ile ya koili, zikagusana, na geti likabaki juu huku treni ikipita.

Kumbe mafundi wa ishara za reli wanalijua hilo pia, na dawa yao ni kukata saketi pande zote mbili za koili, ule wa kwenda na ule wa kurudi, ili mguso mmoja usitoshe. Nimeongeza transista ya pili upande wa kurudi, yenye mapigo yake yenyewe, na waya zake nimezipitisha upande mwingine wa rafu. Pini moja sasa haifui dafu. Jana jioni dada amenipigia kutoka Thika akiniuliza kwa nini mtoto anaomba pini mbili.