Dawa Moja, Maradhi Mawili

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Hata hivyo, yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kwa hiari yake; hufichwa na uhaba wa jina. Makala haya yanahusu maradhi mawili yaliyofanya makao katika kichwa kimoja, changu, na dawa niliyopewa kwa ajili ya mojawapo.

Ya kwanza ni sonona. Neno hili lina undugu na kitenzi sononeka, yaani kuumia moyoni, na msomaji hulielewa hata kabla ya kufungua kamusi. Ya pili hujulikana duniani kwa herufi nne, ADHD. Sisi huyaeleza kwa msururu wa maneno: tatizo la upungufu wa umakini na utukutu wa kupita kiasi. Huo ni ufafanuzi, bado haujawa istilahi. Aidha, pale istilahi inapokosekana, lugha ya kila siku haikosi la kusema: mzembe, mtukutu, mvivu. Ugonjwa usio na jina hupewa jina la tabia.

Nilipokuwa mwaka wa tatu hapa Kabianga, daktari aliniandikia fluoksetini. Dawa hii si ngeni: ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1988, na mwaka 2007 ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huzuia serotonini isifyonzwe upesi na seli za neva zilizoitoa, ili ibaki kwa wingi baina ya seli hizo. Aghalabu mgonjwa husubiri wiki mbili hadi sita kabla ya kuona nafuu. Nilisubiri. Mvua ya alasiri ilinyesha na kuanuka juu ya mashamba ya chai, nami nikihesabu vidonge. Katika wiki ya tano niliamka alfajiri bila kutamani usiku urudi. Chakula kikawa na ladha. Wenzangu waliponiamkia njiani, "Chamgei", niliitikia kwa sauti iliyosikika.

Lakini kitabu cha fonolojia kilibaki kwenye ukurasa ule ule. Nilisoma aya moja mara nne, na mara ya tano nikajikuta nikihesabu mabati ya jengo la jirani. Insha zangu zilikuwa na vichwa bila viwiliwili. Likizoni mama, ambaye huchuma chai, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, uso wako umerudi. Mbona basi kazi zako haziishi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa na neno.

Neno lilitoka kwa daktari wa pili, aliyeniuliza zaidi kuhusu utoto wangu kuliko kuhusu huzuni yangu. Alitaka kujua walimu wa shule ya msingi waliandika nini katika ripoti zangu. Mwongozo wa utambuzi wa maradhi ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 unataka dalili kadhaa za ADHD ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Sonona yangu ilikuwa na mwanzo ninaoukumbuka. Kutotulia kwangu hakukuwa na mwanzo.

Alinieleza kwamba maradhi haya huazimana mavazi: yote mawili huvuruga umakini na usingizi. Dawa zake, hata hivyo, hupita njia tofauti. Fluoksetini hushughulika na serotonini. Methilifenideti, inayotumiwa kutibu ADHD, huongeza dopamini na noradrenalini. Ipo pia bupropioni, dawa ya sonona ambayo baadhi ya madaktari huitumia kwa ADHD. Kuzichanganya si jambo la mgonjwa kujiamulia. Kwa mfano, fluoksetini hupunguza kasi ya ini kuvunjavunja atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, hivyo kipimo cha kawaida huweza kuzidi mwilini. Kadhalika, tangu mwaka 2007 onyo rasmi la Marekani kuhusu dawa za sonona limewahusu vijana wa miaka 18 hadi 24: wafuatiliwe kwa karibu hasa mwanzoni mwa tiba, kwa kuwa fikra za kujiua huweza kuongezeka. Umri huo ndio wetu, wanafunzi.

Nilipomsimulia mama, alielewa upesi kuniliko. "Ni kama mbolea na kupogoa," alisema. "Chai hutaka vyote viwili, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine."

Dawa ya pili sijaianza. Bei yake imenishinda. Ninaendelea na ile ya kwanza chini ya uangalizi wa daktari. Kazi zangu nimezigawa vipande vidogovidogo, na fonolojia tunaisoma kwa sauti, watu watatu, kila mmoja akimwamsha mwenzake. Sijapona. Lakini ukurasa unaonishinda siuhesabu tena kuwa ushahidi dhidi ya nafsi yangu.

Taaluma yetu iliunda tarakilishi na rununu kwa ajili ya vyombo vilivyotoka mbali. Maradhi haya tunayo nyumbani na darasani. Nawaomba wahadhiri na wanafunzi wenzangu tutafute jina fupi, ambalo mama anaweza kulitamka shambani, kapu likiwa mgongoni, na mchumaji mwenzake asidhani kwamba anamlalamikia mwana mvivu.